Mali ya Kaspa

Kinondoni, Dar es Salaam
9 Mei 1993

Mdogo wangu Lameck,

Nimefika. Chumba nimepata, kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na mwenye nyumba, Mzee Bartolomayo, ni mtu mwema mwenye masharti. Sharti la kwanza ni kwamba mbwa asikanyage uani kwake. Kwa hiyo Kaspa atakaa kwako hapo Msalato mpaka nipate mahali penye uwanja. Najua hukuombwa. Ulishikishwa tu kamba pale stendi, basi likaondoka. Univumilie.

Tangu shirika litupunguze kazi nilijiona nimekwisha, mwanamke mzima anayejua kupiga taipu na kumchemshia mkurugenzi chai. Sasa ni muuzaji katika duka la Bi Zaitun. Huyu mama alianza na meza ya vitenge, ruksa ya biashara ilipokuja akakata leseni, leo anateremsha kontena. Ana redio, mazulia, sabuni za kila harufu, na kona yangu mimi, usicheke, ni ya vifaa vya mbwa. Tuna mikanda ya shingoni yenye kengele, mipira, brashi, mabakuli yasiyopinduka, kofia za jua zenye matundu ya masikio. Wanunuzi ni watu wa balozi na wale wenzetu waliojenga karibu na bahari. Kazi nimeipata kwa sababu nilisema kwenye usaili kwamba nina mbwa niliyeachiwa na Mzungu wa mradi wa barabara. Bi Zaitun akauliza mbwa huyo huwa anachezea nini, nikamweleza mpaka akanikatiza.

Sasa sikiliza. Kaspa asifungwe mnyororo. Asipewe chakula cha moto. Ule mfupa wa mpira unaolia ukibanwa ni wake, si wa watoto. Apigwe brashi Jumamosi.

Msalimie Erica na watoto. Kwa Mama sina salamu. Siku ya Krismasi ulikuwepo, ulisikia. Nilikuja na mbwa nimemfunga utepe mwekundu, mchezo tu wa sikukuu, naye mbele ya wanawake wote wa kanisani akaniuliza kama huyo ndiye mjukuu niliyemletea. Wakacheka. Lameck, mimi niliachika kwa sababu hiyo hiyo ya kukosa mtoto, na ni Mama aliyekuja kunichukua Kilosa na kunibebea sanduku. Anajua panapouma. Basi asitegemee hata kiberiti kutoka kwangu mpaka alirudishe lile neno.

Ni mimi dada yako,
Anjelina


Msalato, Dodoma
30 Mei 1993

Dada Anjelina,

YAH: MBWA

Shikamoo. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Erica anasema barua ya ndugu haiandikwi kama ya kuomba likizo, lakini ukarani wa kata umeshanikaa mkononi na sioni dalili ya kupona.

Mbwa ni mzima. Mbwa wa hapa walimpokea kwa mashaka. Ule mkanda wa shingoni na kengele yake vinawafanya wamwone kama mkaguzi kutoka mkoani, kwa hiyo akipita wanasimama pembeni na kutazama chini. Yeye anadhani wanampenda. Mfupa wa mpira ulileta tatizo siku ya kwanza, kwa sababu mbuzi wa jirani Sikudhani wakisikia ule mlio wanadhani ni mwanambuzi analia, wanavunja ua na kuja kumwokoa. Sasa mfupa unachezewa mchana tu, mbuzi wakiwa malishoni.

Kuhusu Mama. Na yeye ameapa. Amesema hatapokea kitu chochote kutoka mkononi mwako, hata chumvi, wala hatakutumia neno, mpaka umwombe radhi kwa kumjibu mbele ya watu kwamba mjukuu huyo walau hana mdomo. Nakumbusha kwamba ulisema hivyo. Amewatangazia majirani wamwite Mama Lameck kuanzia sasa. Hawajaanza. Jana Sikudhani alimwita Mama Anjelina kwa mbali, akaitika kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

Mimi sina upande. Naishi katikati, na katikati ndipo panapopigwa jua.

Ndimi mdogo wako,
Lameck Mazengo


Kinondoni
4 Julai 1993

Mdogo wangu,

Bi Zaitun amepata hasara na mimi nimepata faida. Kontena limeshusha masweta ya mbwa, boksi zima. Aliyeyapakia huko kwao hakuangalia ramani. Dar es Salaam hii mbwa anatafuta kivuli cha gari, nani atamvalisha sweta? Nimepewa niyachukue nitakavyo. Nakumbuka upepo wa Dodoma mwezi wa saba unavyopita kwenye mifupa, kwa hiyo nimemchagulia Kaspa makubwa mawili.

Namtumia na godoro. Ni la mbwa wa ukubwa wa wale wa polisi, kitambaa chake kinavuliwa na kufuliwa. Yote nimempa Gideoni, dereva wa lori la mahindi la Kibaigwa, kijana wa Mpwapwa, anayejua kucheka bila kuuliza maswali. Atakushushia sokoni Majengo.

Godoro ni la Kaspa. Narudia, la Kaspa. Hakuna mtu mwingine hapo nyumbani niliyemtumia kitu.

Kaspa anaamkaje asubuhi? Ile nyonga yake ya kushoto bado inamkaza?

Anjelina


Msalato
1 Agosti 1993

Dada,

YAH: GODORO, MASWETA NA NYONGA

Shikamoo. Mzigo umefika salama.

Kaspa hana tatizo la nyonga. Jana aliruka ukuta wa zizi akamfukuza jogoo mpaka barabarani. Mwenye nyonga ya kushoto hapa nyumbani unamjua. Lakini kwa kuwa umeuliza, nakujibu kwamba Kaspa huamka akishikilia fremu ya mlango, husimama kidogo kama anayesoma tangazo, halafu huanza safari ya jikoni. Jua likishapanda anakuwa nafuu.

Mama alilitazama godoro kwa muda. Akaniuliza, "La nani hili?"

Nikasema, "La mbwa."

"Limetoka kwa Anjelina?"

"Limetoka kwa Anjelina, limekwenda kwa mbwa. Limeshapokelewa."

Akalibonyeza kwa kidole, likarudi juu. Akalibonyeza tena. Halafu akaketi kwenye kigoda mbele ya Kaspa, akamwambia kwa Kigogo, kwa adabu zote, kwamba ana shida ya kulala kwenye ngozi ya ng'ombe, kwamba si desturi yake kuombaomba, na kama mwenyewe hana haraka nalo, amwazime mpaka baridi ipungue. Kaspa akatikisa mkia. Mama akanigeukia akasema, "Ameridhia. Wewe ni karani, kumbuka kwamba mimi kwa Anjelina sijapokea kitu."

Nimekumbuka. Anakunja miguu kwa sababu godoro ni fupi, lakini asubuhi anafika jikoni mapema kuliko zamani. Sweta moja anavaa Kaspa. La pili Mama amelikata mishono, amelifanya la mabega. Nalo ameliomba kwanza.

Lameck


Kinondoni
19 Septemba 1993

Mdogo wangu,

Mali ya Kaspa ni ya Kaspa. Akitaka kuazimisha ni hiari yake, mimi simwingilii.

Nimegundua tu kwamba amekua. Mbwa wa umri wake hukua ghafla, ni jambo linalojulikana katika biashara hii. Kwa hiyo namtumia godoro refu zaidi. Limeandikwa kwamba linatosha mbwa wawili, na lina sponji ngumu, kwa ajili ya nyonga. Lile fupi umpe Erica awalaze watoto, ukishazungumza na mwenyewe.

Namtumia na kofia ya jua, maana kazi ya kupogoa mizabibu mchana mnaijua. Na dawa ya kuchua, hiyo nimenunua duka la dawa za binadamu kwa sababu ya mbwa imekwisha.

Bi Zaitun ananiuliza mbwa wangu ana ukubwa gani. Nimemwambia wa wastani, ila ana ukoo.

Anjelina


Msalato
24 Oktoba 1993

Dada,

YAH: KOFIA, PAMOJA NA SHUKRANI ZA MBWA

Shikamoo. Kaspa amefurahia godoro, yaani amelinusa akaenda kulala uani. Taratibu za kuazima zimefuatwa kama kawaida na mwombaji sasa analala amenyoosha miguu.

Kofia imezua habari. Mama aliiazima akaenda nayo shambani, na Jumapili akaenda nayo kanisani. Wale wanawake wakamwuliza matundu mawili ya juu ni ya nini. Akawajibu, "Ya masikio. Ni kofia ya mbwa, nimeazimwa." Alisema hivyo akiwa amenyoosha shingo kama mke wa balozi. Baadaye mmoja alimfuata Erica faraghani kumwuliza kama Kaspa anaweza kumwazima na yeye.

Sasa kuna jambo jipya. Mama amekausha mlenda, akachambua karanga, akafunga na ubuyu, akaviweka mbele ya Kaspa, akamwambia, "Wewe unapokea tu kila siku, hujui kurudisha? Hukufundishwa?" Halafu akaniletea nikupelekee kwa Gideoni. Kwa hiyo, Dada, mbwa wako anakutumia mlenda. Anasema usiupike na magadi mengi kama unavyopenda kufanya.

Wanakwenda pamoja shambani siku hizi, yeye na Kaspa, na njiani anamsemesha. Nimewasikia. Anamweleza habari za mvua, za Baba, Mungu amrehemu, na za mtoto wake mmoja mkaidi aliyeko pwani. Hakuna anayemjibu mdomo.

Lameck


Kinondoni
12 Desemba 1993

Mdogo wangu Lameck,

Mlenda nimeupika Jumapili, bila magadi mengi. Mke wa Mzee Bartolomayo alisikia harufu akaja kuuliza ni mboga gani hii inayovutika. Nimekula peke yangu, mlango nimeurudisha, na nimelia, sitaki kukuficha. Nimemkumbuka. Nimekumbuka anavyopuliza moto huku macho ameyafumba. Lakini kumkumbuka mtu na kumsamehe ni mambo mawili.

Krismasi hii siji. Nikija nitaketi wapi? Mbele ya wale wale? Nikifika nikamwamkia naye akanipa kisogo, nitarudi Dar nikiwa sina mama kabisa. Sasa hivi walau nina mama anayeazima kwa mbwa. Ninachotaka ni neno moja tu, alirudishe. Akilirudisha nitakuja hata kwa miguu.

Mvua zinaanza huko. Nimempa Gideoni mkanda mwingine wa shingoni, wa kijivu. Huu si wa mapambo, una dawa ya kuzuia kupe. Kaspa amezaliwa kwenye nyumba ya Mzungu, alikuwa anaogeshwa, damu yake haijui kupe wa huko. Avae muda wote wa mvua.

Mwambie Kaspa heri ya Krismasi.

Anjelina


Msalato
24 Januari 1994

Ndugu Gideoni,

YAH: KUNYAMAZA

Salaam. Nakuomba ukipita dukani kwa dada yangu, akikuuliza habari za mbwa, useme hukufika kwangu, ulimwachia mtu mzigo. Kaspa amekufa juma lililopita. Ni homa ya kupe.

Nakueleza ili usije ukaropoka kwa kutojua. Ule mkanda wa dawa ulioleta, Mama aliuazima kwa Kaspa akamvalisha ndama, maana ndama alikuwa amejaa kupe na ndiye tegemeo letu. Kwake mbwa na kupe ni majirani wa zamani. Hakujua, na mimi niliyeambiwa nilikuwa kwenye semina ya kata Kongwa, nimerudi nimekuta mbwa hali chochote. Nilikwenda mjini kumtafuta bwana mifugo, nikaambiwa yuko safari.

Mama hali chakula vizuri tangu siku hiyo. Nikimwambia dada sasa, ataona Mama amemwulia mbwa kwa makusudi, na hapo ndipo watakapomalizana kabisa. Nipe muda nitafute namna ya kusema.

Karanga hizi ni zako, za kunyamazia.

L. Mazengo


Msalato
30 Januari 1994

Dada Anjelina,

YAH: HALI KWA UJUMLA

Shikamoo. Mvua zimekuja vizuri, mtama umesimama. Erica na watoto wazima. Hali ya mbwa haijabadilika tangu juma lililopita.

Usitume kitu kwa sasa. Mama amerudisha vitu vyote: godoro, kofia, sweta la mabega, dawa ya kuchua iliyobaki. Ameviosha, amevifunga kwenye gunia na kuliweka ghalani. Amerudi kulala kwenye ngozi. Nimemwuliza sababu, hataki kuzungumza. Nadhani tumwache kwanza.

Barua hii ni fupi kwa sababu kuna wageni ofisini.

Lameck


Kinondoni
6 Machi 1994

Lameck,

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Amerudisha vyote. Ameviosha kabisa, kama vitu vya mgonjwa. Nimekosa nini tena? Nimekaa huku nikijidanganya kwamba tunasogeleana, kumbe alikuwa anangoja baridi iishe.

Sasa nakuambia ukweli ili ujue alichokirudisha. Lile godoro, hata lile la kwanza fupi, sikumpa mbwa. Kaspa hajalala kwenye godoro tangu nimjue. Analala kwenye sementi, tumbo chini, anapenda ubaridi. Nililala juu yake dukani, Bi Zaitun akiniangalia, nikiwaza nyonga ya Mama itaingia wapi. Kofia nilijipima kichwani, maana vichwa vyetu ni vimoja. Nilidhani anaelewa. Nilidhani sote tunaelewa na tunaona haya kusema tu.

Basi. Bi Zaitun amenipa chumba nyuma ya ghala lake Mikocheni, pana ua mkubwa na mlinzi anayependa mbwa. Nimemwagiza Gideoni amchukue Kaspa safari yake ijayo, mwisho wa mwezi. Gideoni amenijibu kwa kutazama tairi, sijui ana nini siku hizi. Mfungie Kaspa kamba yake nyekundu na umwekee mfupa wake. Hayo mengine mliyoyatia kwenye gunia mchome moto.

Akishaondoka Kaspa sitakuwa na sababu ya kuandika Msalato kila mwezi. Wewe nitakuandikia ofisini kwako.

Anjelina


Msalato
20 Machi 1994

Dada Anjelina,

YAH: BARUA ILIYOAMBATANISHWA

Shikamoo. Kaspa alikufa mwezi wa kwanza. Nilikuficha. Nilikuandikia kwamba hali yake haijabadilika, na kweli ilikuwa haijabadilika, lakini huo ni ujanja wa ofisini na haukustahili kuandikiwa wewe. Gideoni alijua kwa sababu nilimwomba anyamaze. Ukitaka kugombeza, anza na mimi.

Barua yako nilimsomea Mama yote, na ile habari ya kulala juu ya godoro dukani. Leo baada ya ibada amekuja na kigoda, akakaa mbele yangu akaniambia, andika. Nikamkumbusha kwamba aliapa hatakutumia neno. Akasema si yeye, ni Kaspa anayetuma. Nilipofika kwenye shikamoo nikamwambia mzazi hamwamkii mwanawe. Akasema anayeamkia ni mbwa, na mbwa huyo alilelewa, na mimi kazi yangu ni kalamu.

Nimeandika alivyosema. Sikusahihisha.

Lameck

—

Mama yangu Anjelina,

Shikamoo.

Ni mimi Kaspa. Nakujulisha kwamba nimekufa. Sikufa kwa njaa. Asubuhi nilikuwa nakunywa uji, bibi anaupooza kwa kuumimina bakuli hili na hili kwa sababu uliagiza nisipewe vya moto, na jioni nilikuwa nakula alichokula yeye. Nilipigwa brashi Jumamosi. Nilizeeka kidogo lakini nilikuwa na raha.

Aliyeniua ni bibi. Ule mkanda wa dawa aliuazima kwangu, akamvalisha ndama. Aliona ndama ni mali na mimi ni mbwa, na mbwa wa huku wanaishi na kupe wao tangu enzi za mababu. Hakujua kwamba mimi sikuzaliwa huku. Aliniomba kama anavyoniomba kila kitu, alikaa chini akasema, Kaspa niazime, nami nikatikisa mkia. Mimi mkia namtikisia kila mtu. Alikuwa analijua hilo siku zote, alijifanya tu halijui kwa sababu lilimfaa.

Homa iliponishika alinifunika lile sweta la mabega. Alininywesha maji kwa kijiko. Lameck alikwenda mjini akarudi mikono mitupu. Nilikufa kichwa changu kiko miguuni kwake. Akanizika mwenyewe mwisho wa mizabibu, hakumpa mtu jembe, na nyonga yake ile ile. Wanawake wa kanisani wakapita wakamwuliza, mama, unapanda nini na mvua hii. Akawaambia, namzika mjukuu wangu. Hakuna aliyecheka. Angecheka mmoja ningemkata na jembe.

Lameck anasema hapo nimechanganya, mbwa hashiki jembe. Basi mbwa apumzike, amesema vya kutosha.

Anjelina, ni mimi.

Sikukususa. Vitu nimevirudisha kwa sababu aliyekuwa ananiazima hayupo tena, na mimi ndiye niliyemwondoa. Ningevilalia kwa ruhusa ya nani? Kila nikiegemea lile godoro naona nimekula cha mtu aliyekufa. Ndiyo maana nikaviosha, viwe safi utakapokuja kuvidai. Wewe umeona nimekukataa. Mimi niliona haya, mwanangu. Niliona haya mpaka chakula hakishuki.

Lile neno nalirudisha. Siku ile kila mwanamke alikuja na mjukuu wake mgongoni, nikawaona wanakutazama, wanamtazama mbwa, wanatazamana. Nikaona nicheke mimi kwanza kabla hawajaanza wao. Nikakucheka wewe, mbele yao, mtoto niliyemfuata Kilosa akilia njia nzima. Hiyo ndiyo sababu. Si nzuri, lakini sina nyingine. Wewe nawe ulinijibu, nami niliumia, ila hilo langu ndilo lililotangulia.

Usimtume Gideoni. Hana cha kubeba hapa. Njoo mwenyewe unigombeze. Nitawaita wale wanawake wote, waketi uani, wasikie, na mimi nitakaa kwenye kigoda katikati yao nisijibu hata neno moja mpaka umalize.

Mama yako
(dole gumba)